Kasino ndogo ya mtandaoni: nitajuaje kama italipa?

"Nimecheza miezi mitatu kwenye kasino moja ndogo ya mtandaoni ambayo rafiki alinielekeza. Tovuti ina alama ya kufuli, chini kabisa kuna nembo ya leseni, na michezo ni ile ile niliyoizoea kwenye kasino kubwa. Mara mbili nilitoa kiasi kidogo, pesa zikaingia siku hiyo hiyo. Sasa nimeshinda kiasi ambacho kwangu ni kikubwa, na hii ni siku ya kumi na mbili nasubiri. Picha ya kitambulisho changu imekataliwa mara mbili, eti haisomeki. Mtu wa huduma kwa wateja ananiambia naweza kulifuta ombi la kutoa pesa nikaendelea kucheza wakati nasubiri. Jana usiku nilikaribia kufanya hivyo. Watu wananiambia kasino ndogo zote ni za kitapeli na michezo yao imechezewa. Ni kweli? Ningejuaje mapema? Na sasa nifanye nini?"

Usilifute ombi hilo. Naanza hapo kwa sababu mengine yanaweza kungoja umalize kusoma, na hili haliwezi. Pesa iliyo kwenye ombi la kutoa bado iko upande wa kasino, lakini imeshatoka mezani. Ukiirudisha kwenye salio na kucheza, kasino haihitaji tena kukukatalia chochote, kwa kuwa ukiipoteza hakuna deni. Ndiyo maana kitufe cha kufuta ombi kipo, na ndiyo maana mara nyingi kipo pale ambapo malipo yanacheleweshwa. Uingereza ilikipiga marufuku kwa kasino zake mwaka 2021, baada ya kuona jinsi kilivyokuwa kikiwarudisha watu mezani na pesa walizokwisha kuamua kuondoka nazo. Kule kukaribia kwako jana usiku hakukutokana na udhaifu wako. Kitu hicho kimetengenezwa ili mtu akaribie.

Swali lako lina maswali matatu ndani yake. La kwanza: mchezo wenyewe ni wa haki? La pili: nikishinda, nitalipwa? La tatu: wakikataa, nani atawalazimisha? Karibu kila anayeniandikia huanza na la kwanza. Kwa niliyoyaona katika malalamiko ya wachezaji, wanaoumia huumizwa na la pili na la tatu.

Hata hivyo, la kwanza linastahili jibu. Kasino nyingi ndogo hazitengenezi michezo. Hukodi jukwaa zima, yaani akaunti za wateja, njia za malipo na orodha ya michezo, kutoka kwa kampuni inayowauzia wengi kwa pamoja, kisha hubandika jina na rangi zao juu. Ndiyo maana umeikuta michezo ile ile. Unapobonyeza kitufe cha sloti, yaani mchezo wa picha zinazozunguka, matokeo hayaamuliwi kwenye simu yako wala, kwa kawaida, kwenye kompyuta ya kasino. Ombi huenda kwenye seva ya mtengenezaji wa mchezo, programu ya namba nasibu hutoa namba, na zile picha zinazozunguka ni maonyesho ya jambo lililokwisha kuamuliwa. Programu hizo hupimwa na maabara za nje kama Gaming Laboratories International, iliyoanza mwaka 1989, na eCOGRA ya London, iliyoanza mwaka 2003. Kwa mpangilio huo, mwenye kasino ndogo hana mkono wa kuuingiza katikati ya mzunguko wako akaugeuza.

Lakini ana nafasi mbili. Ya kwanza ni halali. Watengenezaji kadhaa hutoa mchezo mmoja katika viwango tofauti vya kiasi kinachorudi kwa wachezaji, pengine asilimia 96 kwenye toleo moja na chini ya 90 kwenye jingine, na kasino ndiyo inayochagua. Mchezo ni ule ule kwa macho, ila unakula haraka zaidi. Fungua ukurasa wa maelezo ndani ya mchezo wenyewe, usome asilimia iliyoandikwa hapo, ulinganishe na ile ya kasino nyingine. Nafasi ya pili ni wizi: nakala bandia ya mchezo maarufu inayoendeshwa kwenye seva ambayo mtengenezaji haijui. Hii unaweza kuikagua kwa kompyuta. Fungua mchezo, kisha angalia kwenye kivinjari unapakiwa kutoka anwani gani. Mchezo wa kweli huitwa kutoka kwa mtengenezaji au kwa msambazaji anayejulikana. Ukiona anwani ya ajabu isiyohusiana na yeyote kati yao, muulize mtengenezaji moja kwa moja kama anaifahamu kasino hiyo.

Kisichothibitisha lolote ni kupoteza mfululizo. Kwenye ruleti ya Kizungu yenye vyumba 37, anayeweka dau kwenye nyekundu atapoteza mara sita mfululizo takribani mara moja katika kila majaribio 55 ya namna hiyo. Atakayekaa mizunguko mia mbili usiku mmoja ana uwezekano mkubwa wa kuiona hali hiyo, na pengine zaidi ya mara moja, kwenye gurudumu safi kabisa. Ile asilimia 96 ya sloti nayo ni wastani wa mamilioni ya mizunguko, kwa hiyo jioni yako moja haiwezi kuithibitisha wala kuikanusha.

Kwenye kasino za sarafu za kidijitali utakutana pia na michezo inayojitangaza kwamba mchezaji anaweza kuhakiki haki yake mwenyewe. Utaratibu wenyewe ni mzuri. Kasino huchagua namba ya siri, huipitisha kwenye fomula ya SHA-256 na kukupa alama inayotoka kabla hujaweka dau. Baadaye inakufunulia ile namba, nawe unaipitisha kwenye fomula ile ile uone kama alama inalingana. Ikilingana, hawakubadilisha chochote katikati. Basi ni hapo tu unapoishia. Fomula haijui kama pesa zako zipo, wala haiwezi kumlazimisha mtu akulipe.

Sasa ukubwa. Je, kasino ndogo zote ni za kitapeli? Hapana, na kasino kubwa si usalama. Full Tilt Poker ilikuwa miongoni mwa tovuti kubwa za poka duniani. Mwezi Aprili 2011 serikali ya Marekani iliifungia, na baadaye waendesha mashtaka wakaeleza kwamba kufikia mwisho wa Machi mwaka huo ilikuwa ikidaiwa na wachezaji karibu dola milioni 390 huku benki ikiwa na takribani milioni 60. Michezo iliendelea kwenda, salio liliendelea kuonekana kwenye skrini, na nyuma ya namba hizo hapakuwa na pesa za kutosha. Ilikuwa na leseni pia, ya kisiwa cha Alderney, iliyosimamishwa Juni 2011. Wengi walilipwa hatimaye, ila baada ya miaka.

Udogo wenyewe una hatari moja ya kweli: ushindi mmoja mkubwa unaweza kuitikisa kampuni. Kasino yenye mzunguko mdogo inaweza kuwa na nia safi na bado ikakosa pesa ya kukulipa kwa mkupuo. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye kasino ndogo ni pesa za wateja zinakaa wapi. Mdhibiti wa kamari wa Uingereza huwataka wenye leseni waeleze kama pesa za wachezaji zimetengwa na za kampuni, na zingelindwa kwa kiwango gani kampuni ikifilisika. Kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa maana yake ni kwamba hazilindwi. Kama masharti ya kasino yako hayasemi lolote juu ya hili, chukulia kwamba salio lako ni mkopo uliowapa.

Turudi kwenye mambo matatu yaliyokutuliza. Kufuli linasema tu kwamba mawasiliano kati yako na tovuti yamefichwa macho ya watu wa njiani. Tapeli hulipata kufuli hilo bure, ndani ya dakika chache. Malipo madogo mawili ya haraka ni dalili njema, lakini ni dalili dhaifu, kwani hata anayepanga kukunyima kikubwa ana sababu ya kukupa kidogo kwanza. Nimewaona waliovutwa hivyo hivyo, wakaweka zaidi baada ya kulipwa kidogo. Dalili yenye uzito ni historia ya malipo makubwa kwa watu wengi, kwa miaka, pamoja na malalamiko yaliyojibiwa na kufungwa kwa malipo. Na katika kusoma maoni ya watu, kumbuka kwamba tovuti nyingi zinazopanga kasino kwa nyota hulipwa na kasino hizo kwa kila mteja wanayempeleka.

Nembo ya leseni ndiyo inayowadanganya wengi zaidi. Nembo ni picha, na picha mtu yeyote huinakili. Leseni yenyewe ni mstari kwenye daftari la mdhibiti. Shuka chini kabisa ya tovuti au ingia kwenye masharti, utafute jina la kampuni inayomiliki, ambalo mara nyingi si jina la kasino, pamoja na namba ya leseni. Kisha nenda kwenye tovuti ya mdhibiti kwa kuandika anwani yake mwenyewe. Usipitie kiungo walichokuwekea, maana kuna waliotengeneza hata kurasa bandia za uhakiki. Daftari la tume ya kamari ya Uingereza linaonyesha kampuni, majina ya biashara, anwani za tovuti zilizosajiliwa na adhabu zilizotolewa. Malta nayo ina daftari lake la wazi. Linganisha anwani unayochezea herufi kwa herufi.

Leseni pia hazina uzito sawa. Curaçao, kisiwa cha Karibi kinachotajwa na kasino nyingi ndogo, kwa miaka mingi iliendeshwa kwa sheria ya mwaka 1993 ambapo kampuni nne zilishika leseni kuu na kuwapa wengine ruhusa chini ya mwavuli wao. Nembo yenye namba iliyo na herufi JAZ ndani yake ni ya enzi hiyo. Tarehe 24 Desemba 2024 sheria mpya ilianza kutumika, na sasa mamlaka moja ya serikali hutoa leseni moja kwa moja. Kasino inayoonyesha bado namba ya zamani, uiulize leseni yake mpya iko wapi.

Na kuna jambo ambalo hata wazoefu hulisahau. Tovuti moja inaweza kumilikiwa na kampuni mbili zenye leseni mbili. Mteja aliyeko Uingereza akasaini na kampuni yenye leseni ya Uingereza, na wewe, kwa kuwa uko kwingine, ukasaini na kampuni nyingine yenye leseni ya kisiwa usichokijua. Nembo zote mbili ziko chini ya ukurasa, ila inayokuhusu ni moja. Masharti ndiyo yanayosema. Angalia hapo hapo kama nchi unayoishi iko kwenye orodha ya nchi zisizoruhusiwa, kwa sababu wapo wanaopokea amana kutoka nchi hizo bila kuuliza na kuisoma orodha siku ya kulipa. Na kama kamari ya mtandaoni ni kosa kisheria unakoishi, ujue hutakuwa na pa kushtakia.

Kuhusu bonasi nitakufanyia hesabu moja, kwa sababu ndipo malipo mengi yanapokwama. Umepewa bonasi ya 100 kwa sharti la kuizungusha mara 35. Maana yake lazima uweke madau ya jumla ya 3,500 kabla ya kutoa pesa. Kwenye mchezo unaorudisha asilimia 96, hasara ya wastani katika 3,500 ni 140, yaani zaidi ya bonasi yenyewe. Sharti likihesabiwa juu ya bonasi na amana yako ya 100 kwa pamoja, ni 7,000, na hasara ya wastani ni 280. Hapo bado hujafika kwenye kikomo cha dau, yaani kiasi cha juu unachoruhusiwa kuweka kwa mara moja ukiwa na bonasi: vunja kikomo mara moja tu, hata kwa bahati mbaya, na masharti mengi yanawaruhusu kufuta ushindi wote. Kama ushindi wako ulipatikana ukiwa na bonasi, soma masharti hayo leo, kabla hawajakusomea wao. Safari nyingine, kataa bonasi.

Sasa kitambulisho chako. Kuombwa kitambulisho si utapeli. Kasino halali zinabanwa na sheria za kuzuia utakatishaji fedha; katika Umoja wa Ulaya, maelekezo ya mwaka 2015 yanalazimisha kumhakiki mteja miamala inapofikia euro 2,000. Uingereza tangu Mei 2019 umri na utambulisho huhakikiwa kabla mtu hajaanza kucheza. Kinachotia shaka ni wakati. Walipokea pesa zako miezi mitatu bila kujali wewe ni nani, na swali limezuka siku ya kulipa. Bado linaweza kuwa la kweli, kwani kukataliwa mara moja kwa picha yenye mwanga mbaya ni jambo la kawaida. Kukataliwa mara ya pili kwa neno "haisomeki" bila kukueleza ni kona ipi au mstari upi kunanitia wasiwasi. Kukataliwa mara ya tatu kwa picha safi ningekuhesabu kuwa kuvutwa muda makusudi.

Basi fanya hivi. Piga picha mchana, kitambulisho kikiwa juu ya meza yenye rangi moja, kona zote nne zionekane, pasiwe na mng'ao wa taa. Weka juu ya nakala alama ya maji, yaani maandishi hafifu, inayosema imetolewa kwa kasino hiyo tu na tarehe ya leo, ilimradi isifunike maandishi. Wakikataa kwa sababu ya alama, watasema hivyo waziwazi. Waandikie kwa barua pepe, si kwenye kidirisha cha mazungumzo kinachofutika, uwaulize mambo matatu: ni hati zipi kamili wanazotaka, ni kifungu gani cha masharti kinachochelewesha, na malipo yatatoka tarehe gani. Piga picha za skrini za salio, ombi la kutoa, historia ya madau na masharti kama yalivyo leo, kwa sababu masharti hubadilishwa. Usidharau kumbukumbu hizi. Mwaka 2008 ilipobainika kwamba watu wa ndani ya tovuti ya poka ya UltimateBet walikuwa wakiziona karata za wenzao, wa kwanza kulishuku jambo hilo walikuwa wachezaji waliozipitia rekodi za michezo yao wenyewe. Tume ya kamari ya Kahnawake, eneo la wenyeji asilia nchini Kanada lililoipa leseni, iliipiga kampuni hiyo faini ya dola milioni 1.5 na kuiamuru irudishe pesa za watu.

Wakinyamaza, nenda kwa mdhibiti aliyetajwa kwenye leseni yako, lakini ujue anachoweza. Wadhibiti wengi hawakusanyi madeni ya mtu mmoja mmoja. Nchini Uingereza kampuni hupewa wiki nane kulimaliza lalamiko, kisha mchezaji anaweza kulipeleka bure kwa msuluhishi huru anayetambuliwa. Malta nayo huwataka wenye leseni wawe na msuluhishi wa aina hiyo. Kwenye leseni dhaifu huenda usipate jibu lolote, na ni afadhali ulijue hilo sasa. Kama uliweka pesa kwa kadi, zungumza na benki yako mapema, kwa kuwa kupinga muamala kuna muda maalumu. Benki inaweza kurudisha amana ulizoweka, si ushindi, na kwa kawaida itataka uonyeshe kwamba kuna udanganyifu. Usijaribu kupinga miamala ya kweli kwa hasira ya kupoteza. Uliyotuma kwa sarafu za kidijitali hayarudishwi na mtu yeyote.

Siku watakapokuambia ulipe chochote ili ulipwe, uite ada ya uhakiki, kodi au amana ya kufungua akaunti, hapo umepata jibu lako na usitume hata senti. Kasino halali inayodai gharama huikata kwenye pesa inazokupa. Na utakapoanza kulalamika hadharani, wataibuka watu wanaojiita wataalamu wa kurudisha pesa zilizoibwa, wakitaka malipo kwanza. Hao ni wizi wa pili, na mara nyingine ni watu wale wale.

Kama kiasi ni kikubwa kiasi cha kuathiri maisha yako, mtafute mwanasheria wa unakoishi, ana kwa ana, umpelekee kumbukumbu zote. Kama nakala za kitambulisho chako ziko kwa watu unaowashuku, iarifu benki, badilisha nywila ulizozitumia kwingine, na toa taarifa polisi ili siku jina lako likitumiwa vibaya pawe na rekodi.

Nakurudisha kwenye jana usiku, kwa sababu nimekusoma mpaka hapo na sentensi hiyo haijanitoka. Kama unacheza kurudisha ulichopoteza, unaficha kiasi kwa watu wa nyumbani, au ulikuwa na pesa mkononi na mwili wako ukakataa kuondoka, zungumza na mshauri nasaha au daktari wiki hii, iwe umelipwa au hujalipwa. Shirika la Afya Duniani linaitambua kamari iliyomshinda mtu nguvu kuwa ni ugonjwa, na unatibika kwa mazungumzo. Vikundi vya Gamblers Anonymous, vilivyoanza Los Angeles mwaka 1957, viko katika nchi nyingi na havitozi ada. Mwombe mtu unayemwamini akae na simu yako usiku huu, au mpe nywila aibadilishe, mpaka ombi hilo lijibiwe.

Pesa ikiingia, itoe yote. Usiache salio la kuanzia.